Shajara ya mradi: majina ya Kiebrania kwenye nasaba za 1 Nyakati

Jumamosi, jedwali limeanza

Haya jamani, kwa mnaoniulizia ule mradi wa majina, umeanza kutembea na nitakuwa naandika maendeleo humu kadiri kazi inavyokwenda. Kazi yenyewe iko hivi: nachukua majina ya watu kwenye 1 Nyakati sura ya 1 hadi ya 9, zile sura ambazo wengi wakifika wanafunua kurasa harakaharaka mpaka waone habari za Sauli, na kila jina nalipa mstari wake kwenye jedwali. Kolamu ya kwanza ni jina lilivyo kwenye Biblia yetu ya Union, ya pili herufi zake za Kiebrania, ya tatu mzizi (yaani zile konsonanti za msingi ambazo neno limejengwa juu yake), ya nne maana ambayo Biblia yenyewe inaitoa (kama inaitoa, maana mara nyingi haitoi), ya tano maana ambayo lugha inaikubali, na ya mwisho ni kama jina hilo limeshaonekana nje ya Biblia, kwenye kigae au muhuri au kibao cha udongo.

Kolamu ya nne na ya tano nimezitenga makusudi kabisa. Chukua Nuhu. Mwanzo 5:29 baba yake anasema huyu atatufariji, na neno la kufariji pale ni la mzizi n-h-m, lakini jina lenyewe, Noah, limetoka kwenye n-w-h, kupumzika, kutulia. Sauti zinakaribiana, mizizi ni miwili tofauti. Au Samweli, mama yake Hana anasema nimemwomba kwa Bwana, na kuomba ni sha'al, sasa ukilisikiliza hilo sha'al unaona linalingana kabisa na jina Sauli, Sha'ul, "aliyeombwa", tena 1 Samweli 1:28 neno lenyewe sha'ul linatamkwa pale pale akiongelewa mtoto Samweli! Samweli kwa lugha ni "jina la Mungu" au "jina lake ni El", El ikiwa ni Mungu. Mwandishi wa kale alikuwa Mwebrania, lugha yake aliijua kuliko sisi sote, kwa hiyo hapa tusiseme kakosea. Alikuwa anasikiliza mlio wa jina na kuutafutia neno linalobeba habari ya kuzaliwa kwa mtoto, na hiyo ndo desturi ya masimulizi yale. Ila mtu akikuuliza jina limetoka wapi, hilo ni swali jingine na lina jibu lake, ndo maana kolamu ni mbili.

Na kilichonisukuma niseme mapema. Watu wanawapa watoto majina haya kila siku, afu wanaenda kutafuta maana kwenye zile listi za intaneti zinazosema kila jina ni "shujaa wa Mungu" au "aliyebarikiwa", hata pale ambapo hakuna herufi moja inayosema hivo. Mtoto atalibeba hilo jina mpaka uzee, mzazi anastahili kuambiwa kilichomo ndani.

Jumatatu usiku, vipande

Leo nimefanya familia ya n-t-n, kutoa, na nimefurahi sana kwa jinsi inavyojipanga. Nathani ni "ametoa", kifupi tu, aliyetoa hatajwi ila kila mtu anamjua. Elnathani ni "El ametoa", geuza unapata Nethaneli, maana ile ile. Yonathani, kwa urefu Yehonathani, ni "Yahwe ametoa", geuza unapata Nethania. Matania ni "zawadi ya Yah". Yaani mzizi mmoja na majina mawili ya Mungu, ukiyaweka mbele au nyuma, tayari una nusu ya ukoo.

Kwa Kiswahili alama za kuangalia ni chache. Jina likiishia na -ia (Hezekia, Zekaria, Yeremia, Obadia) ile ia ni Yahu, jina la Mungu wa Israeli, imefupishwa ikiwa njiani. Jina likianza na Yo- au Yeho- (Yoabu, Yohana, Yehoshafati) mara nyingi ni yeye huyo huyo kawekwa mwanzoni. Na eli, ikae mwanzo ikae mwisho, ni El, Mungu. Vilivyobaki ni vitenzi: sh-m-' kusikia (Ishmaeli, Elishama, Shemaya), z-k-r kukumbuka (Zekaria, na ndo ukoo mmoja na dhikri yetu iliyotoka Kiarabuni), '-z-r kusaidia (Azaria, Eliezeri), h-n-n kutendea fadhili (Hanania, Yohana, Elhanani). Kwa hiyo jina la Kiebrania mara nyingi ni sentensi nzima, tena ni kauli ya mzazi siku mtoto alipozaliwa: Mungu amesikia, Yahwe amekumbuka. Ukisoma nasaba ukiwa umelijua hilo unasikia watu wakishukuru ukurasa mzima.

Mpangilio wa vipande ulikuwa huru kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kutokea kwa namna mbili. Baba yake Bathsheba kwenye 2 Samweli 11:3 anaitwa Eliamu, kwenye 1 Nyakati 3:5 anaitwa Amieli. Watu wanaona mgongano, lakini ni vipande vile vile viwili, El na am (ndugu, jamaa), kimoja kimepanda mbele kingine kimerudi nyuma. Yehoyakini na Yekonia ni hivo hivo, ni mfalme yule yule. Na kuna kisa cha wafalme wa mwisho wa Yuda ambacho kinanikaa moyoni: mwaka 609 KK Farao Neko anamweka Eliakimu kwenye kiti na kumbadilisha jina awe Yehoyakimu. "El anainua" kawa "Yahwe anainua", kitenzi hakikuguswa, kilichobadilishwa ni jina la Mungu tu, na anayebadilisha ni mgeni aliyeishika nchi. Miaka kumi na kitu baadaye, 597 KK, Nebukadreza naye anamchukua Matania anamwita Sedekia. Anayekupa jina ndiye mwenye mamlaka juu yako, hao wawili walilijua vizuri.

Hapa niweke kitu cha kwetu kidogo maana kinaingia moja kwa moja. Upande wa Kilimanjaro, Meru na Upare kuna watu wanaitwa Elirehema, Elifuraha, Eliamani, Elineema. Wazee walichukua El ya Kiebrania wakaishona na neno letu, rehema, furaha, amani, neema, na wakapata jina lenye umbo lile lile la Elnathani na Elishama. Sijui kama kuna mahali pengine ule utaratibu wa kale umeendelea kuzaa majina mapya waziwazi hivi, na hayo majina nayaheshimu sana.

Jumanne, fupi

Mtu kauliza kwa nini Biblia yetu ina Ibrahimu, Musa, Haruni, Daudi, Sulemani, Ayubu, kwa sura ya Kiarabu, halafu ina Yoshua, Samweli, Yeremia, kwa sura ya Kizungu. Ni njia mbili tofauti. Majina mengi ya manabii wanaojulikana kwenye Uislamu yalikuwa yameshakaa Pwani karne nyingi kabla ya mmisionari Krapf kufika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri Mwanzo, watu walikuwa wanaitwa Musa na Suleimani wameshazoea, kwa hiyo watafsiri wakayaacha yalivyo. Yale ambayo Pwani haikuwa nayo yakaja kupitia Kigiriki, Kilatini na lugha za Ulaya, na toleo la Union la 1952 likaweka yote chini ya paa moja. Kwa jedwali langu hii maana yake ni kwamba siwezi kamwe kutafuta mzizi kwa kuangalia herufi za Kiswahili, lazima nirudi kwenye Kiebrania. Mfano Noa, binti wa Selofehadi, na Nuhu wa safina: Waingereza wanawaandika sawasawa, Kiebrania ni majina mawili kabisa, la binti lina herufi ayini (ile ile aini ya Kiarabu) na la Nuhu lina heti.

Ijumaa, Baali ndani ya nyumba ya Sauli

Hii sehemu nimekaa nayo muda mrefu na ningependa msomaji aisome polepole.

Kwenye 1 Nyakati 8:33-34, nasaba ya Sauli, mwanawe mmoja anaitwa Eshbaali, na mwana wa Yonathani anaitwa Merib-baali. Sasa fungua 2 Samweli, watu hao hao ni Ishboshethi na Mefiboshethi. Boshethi ni "aibu". Hakuna mzazi, tena mfalme, anayempa mtoto jina la "mtu wa aibu". Kilichotokea, na hapa wataalamu wengi wanakubaliana, ni kwamba waandishi wa baadaye walioinakili Samweli hawakutaka kulitamka jina Baali, wakaweka aibu mahali pake. Mambo ya Nyakati kimeandikwa baadaye sana lakini kwenye orodha zake kimehifadhi umbo la zamani.

Je, Sauli alikuwa anaabudu Baali? Yonathani mwanawe ana Yahwe kwenye jina lake, na Eshbaali ni ndugu yake wa damu. Jibu liko kwenye neno lenyewe, ba'al ni "bwana, mwenye", na kuna wakati Waisraeli walilitumia kumwita Mungu wao wenyewe bila tatizo. Ushahidi? 1 Nyakati 12:5, kati ya mashujaa waliomfuata Daudi yupo Bealia. Livunje: Ba'al-Yah. "Yah ndiye Bwana." Jina zima ni ukiri wa imani kwa Yahwe na ndani yake Baali anatumika kama cheo. Na Daudi mwenyewe ana mtoto anaitwa Beeliada kwenye 1 Nyakati 14:7 ambaye kwenye 2 Samweli 5:16 ni Eliada. Baadaye mgogoro na ibada ya Baali wa Wakanaani ulipochacha neno likachafuka, na Hosea 2:16 anasema waziwazi hamtaniita tena Baali wangu.

Afu udongo nao umesema. Mwaka 2012 kule Khirbet Qeiyafa, ngome ya kale kusini magharibi mwa Yerusalemu, walipata vipande vya mtungi uliovunjika, wakaviunganisha, na mwaka 2015 maandishi yakachapishwa: Ishbaali mwana wa Beda. Jina limekwaruzwa kwenye udongo kabla mtungi haujachomwa, na ni wa karibu mwaka 1000 KK, ndo kipindi kile kile cha Sauli na Daudi. Huyu siye mwana wa Sauli, baba yake ni Beda, lakini jina ni lile lile na zama ni zile zile. Maana yake watu walikuwa wanaitwa hivo kweli. Kisha kuna vigae vya Samaria, vilichimbwa mwaka 1910, vimeandikwa kwa wino karne ya 8 KK, ni kumbukumbu za divai ya kale na mafuta yaliyopelekwa mjini, na humo ndani kuna Meribaali amekaa karibu na watu wenye jina la Yahwe. Pale kaskazini Yahwe mwishoni mwa jina anaandikwa -yau, kusini Yuda anaandikwa -yahu, ukiona jina peke yake unaweza kukisia karani alikuwa wa upande gani.

Kwenye kolamu ya mwisho Eshbaali sasa ana alama ya kijani.

Jumapili, ile sentensi ya majina kumi

Ndugu wengi wamenitumia lile fundisho la Mwanzo 5, kwamba ukipanga Adamu mpaka Nuhu kwa maana zao unapata ujumbe, mtu amewekewa huzuni ya mauti, lakini Mungu aliyebarikiwa atashuka akifundisha, kifo chake kitawapa waliokata tamaa pumziko. Najua limewajenga wengi na wanaolihubiri wana nia njema. Nimelipitisha kwenye jedwali jina kwa jina, kwa uaminifu, na haliwezi kukaa.

Yaliyo sawa kwanza: Adamu ni mtu, sawa (sisi wenyewe tunasema mwanadamu, na Kiebrania ni ben adam). Sethi Mwanzo 4:25 inamuunganisha na kuweka, sawa. Yaredi mzizi y-r-d ni kushuka, sawa. Nuhu pumziko, sawa kama nilivyosema. Lakini Kenani hatokani na huzuni, neno la maombolezo ni qinah na mzizi wake ni mwingine, jina Kenani lina undugu na jina Kaini. Mahalaleli ni "sifa ya Mungu" au "Mungu anaangaza", kubariki ni b-r-k na haimo. Lameki ndo tatizo kubwa kuliko yote, mzizi l-m-k haupo mahali pengine kwenye Kiebrania, hakuna neno la kukata tamaa lenye herufi hizo, kwenye kolamu ya tano nimeacha wazi na itabaki wazi. Na Methusela hasemi "kifo chake kitaleta". Kipande cha metu ni neno la kale la "mtu, mume", na tunalijua kwa sababu sura moja nyuma yupo Methushaeli, "mtu wa Mungu", jina lenye umbo linalofanana na mutu sha ili la Kiakadi, lugha ya kale ya Babeli. Methusela basi ni "mtu wa Shela", na shela inaweza kuwa silaha, mkuki, au jina la mungu au mahali.

Kinachonishangaza mimi kwenye sura hizo ni kitu kingine. Weka uzao wa Kaini (Mwanzo 4) pembeni mwa uzao wa Sethi (Mwanzo 5): Kaini na Kenani, Henoko na Henoko, Iradi na Yaredi, Mehuyaeli na Mahalaleli, Methushaeli na Methusela, Lameki na Lameki. Mpangilio umesogea kidogo tu. Wengi wanaona ni orodha moja ya mababu iliyosimuliwa kwenye matawi mawili, na mi nikitazama herufi nashindwa kuona vinginevyo.

Jumatano, wanyama

Kazi nyepesi leo. Raheli ni kondoo jike, Debora nyuki, Yona njiwa, Tola ni mdudu, Hogla kwale, Paroshi (Ezra 2:3, ukoo mzima!) ni kiroboto. Na 2 Wafalme 22, siku kitabu cha torati kinapatikana hekaluni enzi za Yosia, tazama nani wako kazini: Shafani mwandishi, yaani pimbi, Akbori, yaani panya, na wanaenda kumuuliza nabii mke Hulda, yaani kicheche au fuko. Watu wenye vyeo vya juu kabisa Yerusalemu. Mtoto kupewa jina la kiumbe kidogo halikuwa tusi hata kidogo.

Na huyo Shafani tunaye kwenye udongo. Mwaka 1982 kwenye uchimbaji wa Yigal Shiloh, Mji wa Daudi, walipata lakiri za udongo (vile vidonge vilivyopigwa muhuri kufungia barua) karibu hamsini sehemu moja, mojawapo inasema "ya Gemariahu mwana wa Shafani", na Yeremia 36:10 anamtaja Gemaria mwana wa Shafani kwa jina na baba yake. Barua zenyewe za mafunjo ziliteketea Wababeli walipouchoma mji mwaka 586 KK, ila moto ule ule ukazioka lakiri mpaka zikawa ngumu kama matofali, ndo maana zimetufikia. Hezekia naye lakiri yake ilitangazwa 2015, imeandikwa "ya Hezekiahu wa Ahazi mfalme wa Yuda", na wote wawili wamo 1 Nyakati 3:13.

Ile lakiri maarufu ya Baruku mwana wa Neria sijaiingiza. Ilitokea sokoni miaka ya 1970 bila mtu kujua imechimbwa wapi, na waliochunguza udongo wake baadaye wanasema ni ya kughushi. Sheria ya mradi ni kwamba kitu kisichojulikana kilipochimbwa hakipati alama ya kijani, hata kama tunakipenda.

Jumamosi, majina ya ugenini

Ukoo wa Lawi una Misri ndani yake. Finehasi, mjukuu wa Haruni (1 Nyakati 6:4), ni Kimisri, pa-nehesi, "Mnubi", mtu wa kusini mwenye ngozi nyeusi. Jina hilo lilitumika sana Misri. Musa naye, Kutoka 2:10 inamuunganisha na kuvutwa majini, masha, lakini wataalamu wengi wanakubaliana ni neno la Kimisri mes, "aliyezaliwa na", lile lile lililomo kwenye Thutmose na Ramesses, na kwa Musa kipande cha jina la mungu kimedondoka. Kolamu ya nne kuvutwa, kolamu ya tano kuzaliwa, zote zimejazwa, zote zinakaa.

Halafu Babeli, 1 Nyakati 3:17 na kuendelea, na hapa nasaba inakuwa habari kamili ukiisoma majina yake. Mfalme Yekonia yuko uhamishoni. Mwanawe ni Shealtieli, "nimemwomba Mungu". Kizazi kinachofuata ni Zerubabeli, zer-babili, "mbegu ya Babeli", jina la Kibabeli kabisa kwa mtoto wa ukoo wa Daudi. Na Zerubabeli mwenyewe, ambaye ndiye aliongoza watu kurudi, watoto wake anawaita nani? Hanania, Yah ametenda fadhili. Berekia, Yah anabariki, baraka hiyo hiyo yetu. Hasadia, Yah ni mwema. Yushab-hesedi, fadhili na irudishwe. Soma tena hilo la mwisho ukikumbuka kwamba ndo wanarudi nyumbani.

Waliobaki Babeli nao hawakupotea. Vibao vya udongo vya kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, vilivyochapishwa 2014, ni mikataba ya mashamba na madeni ya karne ya 6 na ya 5 KK, imeandikwa kwa Kiakadi, na makarani wa Kibabeli wakiandika majina ya hao wakulima wanaliandika Yahu kama Yama. Mtu yuko mbali na Yerusalemu, analipa shayiri kwa serikali ya kigeni, na Mungu wake bado yuko kwenye saini.

Jumanne, babu na mjukuu, na binti watano

Sura ya 6, ukoo wa makuhani. Mstari wa 7 na 8: Amaria, Ahitubu, Sadoki. Mstari wa 11 na 12: Amaria, Ahitubu, Sadoki. Mpangilio ule ule umejirudia. Wapo wanaosema mnakili alirudia mstari, na wapo wanaosema ni desturi ya kumpa mjukuu jina la babu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili la pili halihitaji kuelezwa, ndo tunavyoishi, mtoto anazaliwa na tayari jina lake lipo kwa babu. Na desturi hiyo inaonekana wazi kwenye mafunjo ya Wayahudi wa Elefantine, karibu na Aswan, karne ya 5 KK. Kwa mstari wa Sadoki nimeandika uwezekano wote wawili, nikiegemea kwamba desturi ipo lakini majina matatu kujipanga vile vile mara mbili ni mengi mno, mkono wa mnakili siuondoi.

Sura ya 7:14-19 ndo iliyonipa furaha kuliko zote wiki hii. Ukoo wa Manase: Asrieli, Abiezeri, Shekemu, Shemida, na Selofehadi ambaye hakuwa na wana wa kiume, alikuwa na mabinti tu. Hesabu 27 inawataja watano, Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, waliosimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao wakapewa. Sasa rudi kwenye vile vigae vya Samaria, vile vya divai na mafuta. Makarani wanaandika mzigo umetoka wilaya gani, na majina ya wilaya ni Abiezeri, Asrieli, Shekemu, Shemida… na Noa, na Hogla. Mabinti wawili kati ya wale watano ni maeneo yanayolipa kodi kwa mfalme karne ya 8 KK. Kwa hiyo nasaba hii ni ramani pia, mwana na binti kwenye orodha ni ukoo na ni ardhi kwa pamoja, kama vile sura ya 2:51 inavyosema Salma ni baba wa Bethlehemu. Nimeongeza kolamu ya mahali.

Jumapili, Yabesi na wana wa Hemani

Yabesi (4:9) kwa sababu ndo jina ninaloulizwa kuliko yote. Mama yake anasema nimemzaa kwa huzuni, na huzuni ni 'otsebu. Herufi za jina ni y-'-b-ts, za huzuni ni '-ts-b, angalia, b na ts zimepishana. Inawezekana mama kalipindua makusudi maumivu yasikae kwenye jina yakiwa mazima, inawezekana ni mlio tu. Na mtoto mwenyewe mstari unaofuata anaomba yasimpate hayo maumivu, kwa mzizi ule ule wa huzuni, na Mungu akampa. Kwa hiyo mzazi mwenye mwana Yabesi asiogope, ila pia asiambiwe kwamba maana yake ni "mipaka iliyopanuliwa". Hiyo ni sala yake.

Nimetoka nje ya sura zangu kidogo kwenda 25:4, waimbaji wa Daudi, wana kumi na wanne wa Hemani. Watano wa mwanzo ni majina ya kawaida. Kuanzia wa sita: Hanania, Hanani, Eliatha, Gidalti, Romamti-ezeri, Yoshbekasha, Malothi, Hothiri, Mahaziothi. Gidalti ni kitenzi cha nafsi ya kwanza, "nimetukuza". Romamti, "nimeinua". Malothi, "nimenena". Hakuna mtu mwingine kwenye Biblia nzima anayeitwa hivi. Yasome kwa mfululizo bila kusimama: unifadhili ee Yah, unifadhili, wewe ndiwe Mungu wangu, nimetukuza, nimeuinua msaada wako, nikikaa katika shida nimenena, ameongeza, maono. Ni ubeti wa zaburi, umekaa ndani ya orodha ya zamu za waimbaji, na wataalamu wameliona hili zamani kwa sababu herufi zenyewe zinalikubali karibu neno kwa neno. Namba za kura zinaendelea mpaka mwisho wa sura na majina yanarudi kila mmoja na zamu yake kama watu kamili, kwa hiyo kama ni waimbaji walioitwa kwa mistari ya wimbo wao au ni wimbo uliogawanywa ukawa majina, nimeweka maoni yote mawili.

Waliotaka kufundisha sentensi iliyofichwa kwenye majina, hii hapa, ichukueni.

Kilichobaki: sura ya 4 upande wa Simeoni, Ashuri na wake zake wawili Hela na Naara, na sura ya 9 ya waliorudi Yerusalemu ambayo lazima niilinganishe na Nehemia 11 jina kwa jina. Jedwali la sura ya 3 limekamilika, linaishia na wana saba wa Elioenai, "macho yangu yako kwa Yah", na wa mwisho wao ni Anani. Anayelihitaji aseme nimtumie.